Siku Thelathini Bila Taa Kuzima

Katoro
Alhamisi, 6 Machi 2025

Mama Noela mke wangu,

Mwangaluka. Mimi mzima, Noela mzima, kuku wazima. Mgonjwa ni simu yangu, maana tangu jana Jumatano ya Majivu haina kazi. Karatasi uliyompa konda Kalisti nimeisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Yaani Kwaresima hii umejinyima kuongea na mimi kwa simu? Mpaka Pasaka? Wenzako wanajinyima nyama, wengine soda, wengine umbea. Wewe umemchagua mumeo! Kwetu Kharumwa mtu akimnyima mwenzake neno muda wote huo, wazee wanaitwa.

Haya. Umesema barua ruksa, basi nitaandika, ingawa mwandiko wangu unaujua. Kila boksi la vifaa likija kambini, tazama chini kabisa.

Humu kuna moduli nne za kuunga swichi zetu za mtandao na uzi wa faiba, mbili za kutumia na mbili za akiba. Ndizo zile ulizozipigania kwa Donatus mpaka bosi wa watu akakunja uso. Si za kampuni iliyotengeneza swichi zetu, ila kazi ni ile ile, na zile za wenyewe tungezisubiri wiki kumi na nne. Tabu ni swichi zenyewe, zina ubaguzi. Ukiichomeka moduli, inaulizwa kwanza we ni wa nani, na isipotaja jina la kampuni yao haiwashwi. Kwa hiyo nimeazima kisanduku cha kuandikia cha Onesmo wa Mwanza, nikaziandika zijitambulishe kama za wenyewe. Zote kwa kutwa moja, sikula wala sikunywa, maana Onesmo alikitaka kisanduku chake jioni ile ile.

Sharti la Donatus unalijua, lakini naliandika tulione wote wawili. Laini mbili za mtandao za kuja Bugarama ziwake siku thelathini bila kuzima. Zikimaliza, mitambo ya kambi itaangaliwa kutoka hapa Katoro, nawe utarudi nyumbani moja kwa moja. Mwaka na miezi miwili umelala kwenye kontena la watu. Pasaka ni tarehe 20 Aprili. Nimeshahesabu, tunawahi.

Mumeo anayenyimwa,
Nkwabi


Bugarama
Jumanne, 11 Machi 2025

Baba Noela,

Tumsifu Yesu Kristo. Hao wazee wa Kharumwa waite tu, nitawaeleza jinsi unavyokoroma, tuone watakuwa upande wa nani.

Boksi limefika likinuka dagaa, sijui Kalisti alilipanga na mzigo gani. Leo saa nne asubuhi nimechomeka moduli kwenye laini ya kwanza. Swichi ikauliza, ikajibiwa, taa ikawa kijani. Mwanga unaofika kutoka kwako una nguvu ya kutosha. Nikakaa sakafuni kwenye chumba cha mitambo nikiitazama ile taa, nikijua mwisho wa uzi huo uko wewe, umekalia kile kiti kibovu na unatafuna karanga juu ya mashine nilizokukataza.

Laini ya pili bado. Mtaro wa faiba umejaa maji pale karibu na lambo na mafundi hawawezi kuunga mpaka pakauke. Donatus amekubali siku zianze kuhesabiwa kwa laini moja, Ijumaa hii tarehe 14, ya pili ijiunge kabla hazijaisha. Siku ya thelathini itaangukia tarehe 12 Aprili, kesho yake ni Matawi. Nikiyashika matawi Katoro, sitakuwa na ombi jingine mwaka huu.

Swali moja la kazi. Umesema umeziandika zote kwa kutwa moja. Je, kila moja umeipa namba yake ya utambulisho? Jina la kampuni linaweza kuwa moja, namba haiwezi. Nijibu.

Mkeo,
Scolastika


Katoro
Jumatatu, 17 Machi 2025

Mama Noela,

Leo ni siku ya nne na taa inawaka. Nikiingia ofisini naisalimia kabla ya watu, Donatus ameshaanza kuniangalia vibaya.

Jirani yetu Mama Rhoda ameniuliza ni kidude gani hicho kitakachomrudisha mke wangu. Nikamwonyesha kimoja cha upande wetu. Nikamwambia, mama, hiki cha ukubwa wa kidole gumba ni mdomo na ni sikio. Umeme unaingia huku, unatoka mwanga, mwanga unakimbia ndani ya uzi wa kioo hadi Bugarama, na kule kuna mwenzake anausikiliza na kujibu. Akakigeuza geuza, akasema, "Sasa mbona mwanga unafika na mwanamke hafiki?" Nikakirudisha mfukoni.

Najua unaongea na Noela kila jioni kwa simu ya Mama Rhoda. Hilo hukujinyima, sawa. Mimi nasimama nyuma ya mlango nikisikiliza kama mwizi. Juzi nilikusikia ukimwambia, "Mwambie baba apunguze chumvi." Nimepunguza. Ila mtoto jana ameniuliza jambo lililonikosesha raha mpaka sasa. Ameuliza kama mama anakaa ndani ya simu ya Mama Rhoda, na kama Mama Rhoda akihama, mama atahama naye. Ana miaka minne, Scola. Alikuwa hajafikisha mitatu ulipoondoka.

Nimeanza kupaka chokaa chumba chetu. Na yule jogoo mwekundu nimemfunga kamba, anakula kuliko mimi. Pasaka atajua kwa nini.

Nkwabi wako


Bugarama
Ijumaa, 28 Machi 2025

Mume wangu,

Siku ya kumi na tano. Nusu ya safari. Nimekwisha kufunga begi, nikalifungua kutoa kanga, nikalifunga tena. Agatha wa jikoni ananicheka, anasema hajawahi kuona mtu anahama wiki mbili kabla.

Nikuambie kwa nini nimejinyima simu yako, maana umelalamika vya kutosha. Padre alituambia, jinyime kile ambacho ukikikosa utajua umekikosa. Nikakaa nikatafuta. Nyama nilipitisha siku tatu bila kuila na sikukumbuka. Soda sinywi. Nikapekua maisha yangu yote humu kwenye kontena, kitanda, jiko la watu, buti, kofia ngumu, nikaona kitu changu ni kimoja tu, sauti yako saa mbili usiku. Nikasema basi ndiyo hiyo. Mungu anisamehe, nadhani nimejitwika mzigo kuliko shingo yangu. Ikifika saa mbili natoka nje nazunguka uzio mpaka ipite. Nimekukumbuka mpaka kukoroma kwako nimekukumbuka.

Usidhani ni ugumu wa moyo. Ningekuwa na moyo mgumu ningejinyima soda.

Mtaro unakauka. Fundi Ezekiel anasema ataunga laini ya pili tarehe 8 au 9. Na wewe hukujibu swali langu la namba. Niliuliza tarehe 11, ukaniandikia kuhusu jogoo.

Scolastika


Katoro
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa dukani nanunua sabuni, muuza duka akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, napendwa.

Mimi nami nikuambie. Ikifika saa mbili naiweka simu mezani, kioo juu, na ninakaa. Najua haitalia. Nakaa tu. Noela amezoea, anakuja na sahani yake tunakaa wote.

Swali lako la namba, jamani! Namba zipo. Moduli isiyo na namba ingewaka vipi? Acha kujitafutia homa, mama. Siku ishirini na moja leo, taa haijapepesa hata mara moja. Chokaa imekauka, pazia nimefua. Umebaki wewe.

Nkwabi


Bugarama
Alhamisi, 10 Aprili 2025

Nkwabi,

Jana saa tatu asubuhi Ezekiel amemaliza kuunga laini ya pili. Nikachukua moduli ya pili, nikafanya ishara ya msalaba, nikachomeka. Taa ikawaka kijani. Nikahesabu moja, mbili, tatu, na taa zote mbili zikazima. Mpya na ile ya zamani iliyokuwa na siku ishirini na saba.

Kambi nzima imekosa mtandao dakika arobaini. Zahanati, geti, ofisi, wote. Hakuna aliyeumia, lakini meneja wa mkandarasi alikuja mwenyewe mlangoni kwangu, akasimama ameshika kiuno.

Nikasoma kumbukumbu za swichi. Imeandika wazi, vifaa viwili, namba moja. Imefanya kama mlinzi wa geti aliyeletewa vitambulisho viwili vyenye namba ile ile. Amefukuza wote. Nikazisoma na zile mbili za akiba. Namba ile ile. Ulichukua moduli moja ya wenyewe ukainakili mara nne, ili umrudishie Onesmo kisanduku chake jioni. Ikiwa peke yake inafanya kazi vizuri. Zikiwekwa mbili pamoja ndipo shida inaanza.

Ningeweza kuzisoma namba zote nne kwa dakika moja kabla sijachomeka. Hiyo ni kazi yangu na naijua. Sikuzisoma kwa sababu uliniambia zipo.

Nimeandika ripoti kwamba kosa ni la fundi wa kambi, yaani mimi, hakukagua vifaa. Donatus amekubali. Laini ya kwanza nimeirudisha, lakini hesabu imeanza upya na mimi lazima niwepo hapa mpaka siku thelathini zitimie, zikianza baada ya sikukuu. Maana yake ni mwisho wa Mei. Pasaka nitakuwa hapa.

Sasa nisikilize. Usimwambie Donatus neno. Alishasema atakayeharibu uandishi wa moduli hatabaki ofisini. Ukikosa kazi Katoro, Noela ataishi na nani? Mimi nimeshazoea kontena. Hii ni amri, siyo ombi. Ukifungua mdomo, Kwaresima yangu itafika mpaka Krismasi.

Nimefungua begi. Nguo zimerudi kwenye msumari.

Scolastika


Katoro
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mama Noela,

Barua nimeipata. Nimekuelewa.

Nimeenda Mwanza kwa Onesmo, nimekaa naye siku mbili. Moduli nne mpya zimeandikwa, kila moja na namba yake. Zinaishia na 17, 42, 63 na 80. Nimezikagua mara tatu. Zitafika kabla ya Pasaka.

Noela mzima.

Nkwabi


Bugarama
Jumatano, 16 Aprili 2025

Baba Noela,

Mistari sita. Nimeihesabu. Sikukuandikia nikukate ulimi. Nilisema usimwambie Donatus, sikusema usiniambie mimi. Umekasirika? Mwenye haki ya kukasirika ni mimi, na nimekwisha kuchoka kukasirika. Niandikie chochote. Niandikie habari za jogoo.

Scola


Katoro, mezani kwako, chini ya bakuli la karanga
Ijumaa Kuu, 18 Aprili 2025

Scola wangu,

Ukiisoma hii umekwisha kuingia ndani, Mama Rhoda amekupa ufunguo, na unashangaa mwenye nyumba yuko wapi. Kaa kwanza. Kiti kile chenye mguu mzima.

Nilikuvunjia amri Jumanne. Niliingia kwa Donatus nikafunga mlango, nikamwambia ripoti ya mke wangu si ya kweli, kosa ni langu. Nikamweleza yote mpaka lile jibu la tarehe 3. Na wewe nikueleze sasa. Swali lako la kwanza nililisoma vizuri sana. Nilijua tayari nimenakili moja. Nikajisemea, swichi nyingine hazijali, na nikikiri tutaanza upya, tutakosa Pasaka. Nikaliruka. Ulipouliza tena nikakudanganya, na nilikuwa nimeshika barua yako inayosema unazunguka uzio saa mbili. Nilitaka urudi haraka kiasi kwamba nimekuzuia kurudi. Nisamehe. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Nilidhani Donatus atanifukuza. Akasema, "Kosa la namba nalisamehe, fundi hukosea. Lakini umemwacha mwanamke abebe mzigo wako siku tano." Kisha akaamua. Aliyeharibu aende akakae kambini mpaka siku thelathini zitimie, na wewe urudi ukalie kiti changu. Ruhusa ya kubadilisha moduli ni Jumamosi mchana tu, watu wakiwa wameenda sikukuu. Kwa hiyo kesho alfajiri napanda gari la Geita na moduli mfukoni, na wewe gari la ofisi litakuleta kwa njia ya Kahama. Tutapishana bila kuonana. Nilimwomba hata nikuone nusu saa, akasema laini haisubiri nusu saa. Nikamwomba tena asikuambie sababu ya kuitwa, maana nakujua, ungekataa kupanda gari.

Barua yako ya Jumatano niliipata jana. Nilikuwa siwezi kuandika bila kusema, na nikisema ungenizuia. Ndiyo maana ya ile mistari sita.

Habari za jogoo ni hizi, yuko hai. Mkono umekataa kumchinja. Ni wako na Noela.

Shuka nimebadilisha.

Nkwabi


Katoro
Jumamosi Kuu, 19 Aprili 2025

Mume wangu mjinga,

Nilishuka saa saba nikiwa nimejipaka mafuta mpaka viwiko. Nilidhani uko stendi. Njia nzima kutoka Kahama nilikuwa napanga nikugombeze vipi kwanza halafu nicheke vipi. Nimekuta ufunguo.

Noela alitoka nje akanitazama, akajificha nyuma ya Mama Rhoda. Nikamwita. Akachungulia, akaniambia, "Sema tena." Nikamwita tena. Akasema, "Sema, mwambie baba apunguze chumvi." Nikayasema maneno hayo, Nkwabi, sijui nilisemaje, na hapo ndipo aliponikimbilia. Amenijua kwa sauti. Mpaka sasa yuko mgongoni, hataki kushuka.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Sikukaa kwenye kiti chako chenye mguu mzima. Nimelia, nimekutukana, nimekula karanga zako zote. Kisha nikafunga mlango nikaenda ofisini na mtoto mgongoni, nikakalia kile kiti kibovu mbele ya swichi. Donatus aliniangalia akatoka.

Saa tisa laini ya kwanza ikazima. Nikajua ni mkono wako umeitoa. Ikawaka, namba inaishia na 17. Nikangoja. Ya pili ikawaka, 42. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nikafika thelathini. Nikafika mia. Zote mbili kijani, zimekaa pamoja. Noela akauliza ni nini. Nikamwambia ni baba amefika salama.

Umenidanganya, na hilo tutaliongea, usidhani nimelisahau. Lakini umekwenda ukasema mwenyewe, bila kusukumwa, na mimi nilikukataza. Hapo umenishinda.

Leo ni siku ya kwanza. Ya thelathini ni tarehe 18 Mei. Jogoo atasubiri, na mimi nitasubiri.

Kesho nikitoka misa ya kwanza Kwaresima yangu imeisha. Weka simu mezani, kioo juu.

Scola wako


Bugarama
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Mama Noela,

Tumeongea jana saa nzima, tumegombana dakika kumi, na bado naandika. Umeniharibu. Lakini kuna jambo lilinishinda kusema kwa simu, nilianza nikaacha, ukadhani ni mtandao.

Donatus ameniagiza nipitie majina ya milango yote ya swichi, yale matundu ya kuchomekea waya, yafanane na makaratasi ya ofisi. Nikaingia kwenye swichi yako. Mlango wa geti umeuita GETI. Wa zahanati, ZAHANATI. Wa jikoni kwa Agatha umeuita WALI, nikacheka peke yangu. Nikafika milango miwili ya kuja Katoro. Kwenye makaratasi ni KATORO-1 na KATORO-2. Wewe umeandika NYUMBANI-1 na NYUMBANI-2.

Nikafungua daftari lako la kazi ulilosahau kwenye rafu. Majina hayo uliyaandika tarehe 9 Januari mwaka jana, siku ulipofika hapa, kabla hujafungua begi. Kwa hiyo muda wote huo, kila asubuhi ulipoingia kukagua mitambo, hilo ndilo neno ulilolisoma. Na mimi nilikuwa mwisho wa pili wa uzi, natafuna karanga, sijui.

Jana saa mbili usiku nimetoka nje, nikauzunguka uzio. Njia umeshaikanyaga, inaonekana kwenye majani.

Majina mengine yote nimeyarekebisha, hata WALI. Hayo mawili sikuyagusa, na Donatus akiuliza nitamwambia hivyo hivyo.

Wabeja, asante, mke wangu. Leo ni siku ya tatu. Zinawaka zote mbili.

Nkwabi